Bei ya Mbeya

"Ishirini na nne. Chini ya hapo siuzi," alisema Thuraya, mwenye duka la magari mapya pale Temeke.

Atuganile alikuwa na milioni ishirini na mbili, basi. Zilikuwa za kikundi cha akina mama wauza mchele wa Buguruni, na wenzake walishamwambia: leo usiporudi na kirikuu, kigari cha kubebea mizigo, tunagawana hela, kila mtu ashike njia yake. Wamechoka kukamuliwa na wenye magari ya kukodi! Ndipo uongo ukamtoka.

"Mbeya nimepewa kwa ishirini na mbili."

Thuraya alicheka mpaka mtandio ukamteleza. "Dada yangu, gari si mchele! Linashuka hapo bandarini, linapandishwa milima yote ile, halafu huko Mbeya ndiko liwe rahisi? Nani kakupa bei hiyo?"

Lo! Mazoea yalimponza, kwake yeye anayenunua mchele Mbeya, kila kitu cha huko ni bei poa. Akataja muuza magari pekee aliyemsikia kwao Tukuyu, huko huko Mbeya. "Mzee Hashil."

"Ami yangu huyo." Kicheko kikakoma. Thuraya akapiga simu, akafungua spika. Atuganile alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shikamoo, ami. Kuna mteja hapa, Atuganile, anasema umempa kirikuu kwa ishirini na mbili."

Mzee akauliza, kwa Kinyakyusa safi cha mtu aliyezaliwa Tukuyu: wewe binti wa nani, na mbona unanisingizia? Atuganile akajibu kwa Kinyakyusa hicho hicho, akamwaga yote: uongo wake, wenzake wanaomsubiri, hela iliyopo. Thuraya aliikodolea macho simu, haambulii neno.

"Mnasema nini nyie?"

"Tunasalimiana," mzee akasema kwa Kiswahili. "Bei hiyo nimempa mie. Mpe gari."

Atuganile alishusha pumzi. Jamani, mzee wa watu! Akanyoosha mkono apokee ufunguo, lakini Thuraya aliung'ang'ania.

"Ami, wewe vipi? Kirikuu hizi si zako mwenyewe? Mie nakuuzia tu. Kila moja umeinunua kwa milioni ishirini na tatu! Hasara hiyo anaibeba nani?"

"Naibeba mie," mzee alisema, akakata simu.

Ufunguo ukatua kiganjani mwa Atuganile. Hakuufumba mkono.

"Mpigie tena," aliomba, machozi yameshamlenga. "Sijamwambia hata asante."

Thuraya akapiga. Mzee hakupokea.