Bolti ya Siti ya Nyuma

Jumatatu saa nne asubuhi, fundi wa redio za magari alikuwa amelala chali ndani ya gari la Mkaguzi, miguu nje na kichwa chini ya dashibodi, akivuta waya mwekundu uliotoka kwenye betri. Mkaguzi alisimama kando, mikono mgongoni. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani za madukani, na katika miaka ishirini na sita ya kazi hiyo hakuwahi kumtazama mtu akitenda jambo bila kumtafutia kasoro. Mkewe, Mama Pacha, alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa karakana, akimenya chungwa.

Sababu ya kufunga amplifaya, kile kikuza sauti, ilikuwa jirani. Mwalimu mkuu wa nyumba ya pili alikuwa amefungiwa yake mwezi uliopita, na sasa akipita, vikombe kabatini kwa Mkaguzi vilitetemeka. Spika za Mkaguzi zilisema kama mtu aliyejifunika blanketi.

"Nataka taarifa ya habari niisikie hapa," alimwambia fundi, akigusa kifua.

Fundi alikuwa mtu wa utaratibu. Waya wa umeme aliupitisha kulia, nyaya za sauti akazipitisha kushoto, ili injini isije ikaimba ndani ya spika. Sanduku la besi alilitia kwenye buti, likajaa buti zima. Ukabaki waya wa hasi, ule unaofungwa kwenye bati la gari lenyewe. Hapo ufundi unataka ukwangue rangi mpaka bati liwe jeupe, utoboe tundu jipya, ukaze. Mkaguzi akasema rangi haikwanguliwi.

"Ni pale ndani tu, Mzee. Hapaonekani."

"Mimi nitajua kwamba pamekwanguliwa."

Basi fundi akatafuta njia nyingine. Akaona bolti inayoshika siti ya nyuma, upande wa kushoto. Ilikuwa safi, imekaza, tena iko karibu na buti. Akaufunga waya hapo.

Siti hiyo ilikuwa ya Mama Pacha. Gari lilikuwa na miaka kumi na minane, na kwa miaka yote hiyo yeye alikaa nyuma kushoto, kwa sababu siti ya mbele iliwekewa mtu wa maana ambaye wangeweza kumkuta njiani: mkurugenzi, au daktari, au mzee yeyote mwenye heshima zake. Walikuwa wamemkuta mmoja tu, na huyo alisema anapendelea kutembea. Kwa hiyo Mama Pacha alikuwa amezungumza na kisogo cha mumewe kwa miaka kumi na minane. Kisogo kiliitikia "mm", au "tutaona", au kiliongeza sauti ya redio.

Jambo hilo lilimshangaza kidogo, maana kazini alisikika. Alikuwa karani wa zahanati. Kazi yake ilikuwa kuita majina ya wagonjwa, na kila aliyemwita alisimama.

Fundi aliwasha redio. Mtangazaji alisoma hali ya hewa kwa sauti nzito, bati la karakana likaitikia. Alipomaliza, ikaja sauti ya mwanamke, tulivu, yenye besi ya kutosha.

"Baba Pacha, gari zuri. Hongera. Lakini mbona mimi nakaa huku nyuma?"

Mama Pacha aliacha kumenya chungwa. Aliyakumbuka maneno hayo. Aliyasema siku gari lilipotoka kununuliwa, kabla hata hawajafika nyumbani.

Mkaguzi aliinamisha kichwa, akasikiliza kama asikilizavyo mizani inayotua. "Safi sana," alisema. "Hiki ni kituo gani?"

Mkaguzi alipokwenda kunawa mikono, fundi alimsogelea Mama Pacha akiwa na spana mkononi na aibu usoni.

"Mama, nimekosea. Hasi nimeifunga kwenye bolti ya siti yako. Siti hunywa maneno. Za teksi ndiyo usiseme. Waya ukipita hapo, unayazoa."

"Unayazoa yote?"

"Yote. Kwa mpangilio yalivyoingia, la kwanza kwanza. Nikitoboa tundu jipya yanakwisha. Nitoboe?"

Mama Pacha alitafuna chungwa taratibu huku akifikiri. Alikuwa na jambo lililomkaa rohoni tangu mwezi uanze. Dada yake, wa pekee, alikuwa anahama. Jumamosi saa tatu asubuhi angepanda basi kwenda kuishi na bintiye, safari ya siku tatu, na kwa umri wake na magoti yake asingerudi tena. Mama Pacha alitaka kumuaga. Alitaka pia kumkabidhi cherehani ya marehemu mama yao, ambayo walikubaliana zamani kwamba itakuwa ya dada. Na kichwa cha cherehani hiyo kilikuwa chuma kitupu, hakibebeki mkononi mpaka stendi. Alikuwa amekwisha kumwomba mumewe mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja alijibiwa tutaona.

"Acha hivyo hivyo," alimwambia fundi.

Ikawa safari moja ya kwenda na kurudi kazini inamaliza kama mwaka mmoja wa maneno. Mama Pacha hakuwa mtu wa maneno mengi, na ukiondoa mahali alipokatizwa, mwaka wake mzima ulitosha kwenye dakika arobaini. Mkaguzi aliendesha vioo vikiwa chini. Jumanne ulisikika mwaka wa pili, ambao ulikuwa na habari nyingi za bati linalovuja juu ya jiko. Muuza magazeti wa kwenye kona alimpungia mkono Mama Pacha.

"Shikamoo, Mama. Asubuhi ulimwambia ukweli kuhusu lile bati."

"Marahaba. Mpaka leo linavuja."

Mkaguzi hakuyasikia hayo, maana alikuwa anasikiliza. Kituo kilikuwa kimemteka. Jumatano spika zilisema, "Baba Pacha, mvua hiyo, washa waipa," naye akawasha waipa, zikafuta vumbi kwa mlio wa kukwaruza huku jua likiwaka. Baadaye zikasema giza linaingia. Saa saba mchana akawasha taa kubwa. Askari wa barabarani akamsimamisha, lakini aliposikia sauti inavyoeleza juu ya giza, akaona mwenye gari ana sababu, akamruhusu aendelee.

"Huyu mwanamke ana busara," Mkaguzi alisema wakiwa njiani. "Hapayuki. Kila analosema lina uzito wake. Mumewe ana bahati sana."

"Ni mimi," alisema Mama Pacha.

"Hebu nyamaza kidogo, Mama Pacha. Anaongea."

"Amemtaja Baba Pacha mara nne tangu asubuhi."

"Kina Baba Pacha wako wengi."

Mama Pacha aliona wivu. Ulikuwa wivu wa kuchosha, kwa sababu hakujua aanze kumgombeza nani. Miaka yote alidhani mumewe hapendi kusikiliza, akamsamehe kama mtu anavyomsamehe asiyependa kuogelea. Sasa alikuwa anamwona kwa macho yake mwenyewe akisikiliza: shingo mbele, mdomo wazi kidogo, akitikisa kichwa pale panapostahili. Kumbe aliweza. Hilo lilimuuma kuliko mengine.

Hata hivyo alipiga hesabu. Mwaka wa sita dada yake alijifungua mtoto wa mwisho, na yeye alimwomba mumewe ampeleke, kwa maneno makali kuliko alivyozoea. Alihesabu siku kwenye kalenda ya zahanati. Mwaka wa sita ungeangukia Jumamosi asubuhi. Kama mumewe angesikia ombi hilo kutoka kwenye spika, angetia gari moto. Na gari likishaondoka, yeye angemwelekeza njia. Ijumaa alikifuta kichwa cha cherehani kwa mafuta, akakifunga kwa shuka safi. Alipika akiwa anaimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu.

Jumamosi saa mbili kasorobo walikuwa garini. Buti lilijaa besi, siti ya mbele ilikuwa ya mtu wa maana, kwa hiyo cherehani ilikaa magotini mwa Mama Pacha, uzito wake wote. Mkaguzi aliwasha redio kabla ya injini. Mlio mfupi, kisha sauti.

"Baba Pacha, nipeleke kwa dada. Leo. Usiniambie tutaona."

Mkaguzi alitoa kitambaa, akafuta miwani.

"Umesikia?" alisema. "Anataka kwenda kwa dada yake tu. Mtu mzima unamkatalia vipi mwenzio jambo kama hilo?"

Akawasha injini, akaondoka. Mama Pacha alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Aliinama mbele kadiri cherehani ilivyomruhusu, akasema, "Asante, Baba Pacha. Basi shika barabara ya stendi."

Spika zikasema, "Shika barabara ya kiwanda cha sabuni."

Dada yake aliwahi kukaa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alihama mwaka wa kumi. Katika hesabu zake zote Mama Pacha hakuwa amekumbuka kwamba mwaka wa sita pia alimwelekeza mumewe njia, neno kwa neno, kwa kuwa mumewe hakuwahi kuishika.

"Dada alihama huko," alisema. "Yuko stendi sasa hivi. Basi lake ni saa tatu."

"Ngoja kidogo, Mama Pacha. Anaelekeza."

"Stendi ni nyuma yetu."

Mkaguzi aliongeza sauti. Alikata kushoto alipoambiwa akate kushoto, na penye mti aliambiwa apunguze mwendo, akapunguza, ingawa mti ulikuwa umekatwa zamani. Mama Pacha alisema tena, kwa sauti ile ya zahanati. Mwanamke mmoja kando ya barabara alisimama. Mkaguzi hakusimama.

Saa mbili na nusu walifika penye nyumba ya zamani ya dada. Siku hizi palikuwa ghala la matangi ya maji, meusi, yamepangwa hadi ukutani. Mkaguzi alizima injini, akayatazama kwa kuridhika sana.

"Haya," alisema. "Ndiyo maana ya kumsikiliza mtu." Kisha akakumbuka jambo. "Na dada yako naye si alikuwa anakaa mitaa hii?"

Simu ya Mama Pacha iliita. Alikuwa dada.

"Uko wapi, mdogo wangu? Tumeanza kupakia mizigo."

"Niko kwako kwa zamani."

Kwenye simu zilisikika honi na kelele za wapiga debe, na kwenye gari ilisikika sauti ya spika ikimwuliza Baba Pacha kama mtoto mchanga hatapigwa baridi.

"Nakusikia unaongea," alisema dada. "Nakusikia vizuri kabisa."

"Si mimi wa leo."

"Basi usilie. Cherehani utanitumia kwa mtu." Halafu dada mwenyewe akalia, na simu ikakatika.

Mama Pacha alisogea karibu na kisogo cha mumewe. Alisema polepole kwamba wakigeuza sasa hivi watamkuta, kwamba ni mwendo wa dakika ishirini, kwamba hatamwona tena. Mkaguzi aliinua kidole kimoja juu, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi msikitini au kanisani, kwa sababu spika zilikuwa zimeanza sentensi nyingine.

"Ukimaliza hapa, Baba Pacha, tupitie sokoni. Nina vitunguu vya kununua."

Aligeuza gari, akaenda sokoni. Foleni ilikuwa ndefu. Walipoegesha ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Mama Pacha aliitua cherehani kwenye siti, akashuka, akanunua vitunguu, kwani vya nyumbani vilikuwa vimekwisha.