Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Habari hii alinisimulia dada yangu Apolonia wa Didia, mwaka sabini na saba, tukichuma pamba. Naiandika kama alivyoisema.

Nyamizi, mke wa mwanawe Clemens, alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Mwaka wa nyuma alichomwa sindano ya penisilini, akavimba uso, pumzi zikambana, wakajua amekwisha. Mganga wa zahanati akasema dawa hiyo asiiguse tena maisha yake yote.

Basi ng'ombe mmoja wa mzee Maduhu, mume wa Apolonia, akavimba kiwele. Bwana mifugo Gregory akamtia dawa kwenye chuchu, akaagiza maziwa yamwagwe siku nne. Maduhu akaitika tu. Kwetu maziwa hayamwagwi, ng'ombe atakauka. Akayaleta nyumbani kimya, Apolonia akayatia kwenye kibuyu amgandishie mzazi.

Siku ya pili akatikisa: maji matupu.

“Nyamizi, kibuyu ulikiosha?”

“Nilikiosha na kukifukiza, mama.”

“Labda ulikifukiza kwa tumbaku!”

Wakacheka, lakini Apolonia hakutulia. Akakamulia bakuli mbili, moja ya ng'ombe yule, moja ya mwenzake, kila moja akaitia kijiko cha mgando wa jirani. Kesho yake moja ilikuwa imeshikana vizuri. Ya ng'ombe yule, vilevile kama ilivyokamuliwa.

“Baba Clemens, ng'ombe huyu kapewa nini?”

Maduhu akajikuna kisigino. “Dawa ya Gregory.”

Apolonia akaenda hadi kwa Gregory.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ulimtia dawa gani?”

“Penisilini. Si nilimwambia mzee amwage?”

Akamweleza habari ya bakuli. Gregory akatikisa kichwa. “Hata maabara wanapima hivyohivyo, mama. Vidudu vya kugandisha vikishindwa kazi, dawa imo.”

Akarudi mbio. Nyamizi, kwa njaa, alikwisha kujimiminia kata ya maziwa ya kibuyu kile, anainua.

“Weka chini, ng'wanone! Mwanangu, weka! Ni penisilini!”

Nyamizi akaitua kata kabla hajaonja. Maduhu alisikia jina hilo. Akachukua kibuyu mwenyewe, akakimwaga nyuma ya zizi mpaka tone la mwisho. Kisha akasimama nje ya mlango, maana mkwe hasemeshwi uso kwa uso.

“Mama Clemens, mwambie anisamehe.”

“Mwambie baba nimesikia,” Nyamizi akajibu ndani. “Ila njaa bado ninayo.”

Apolonia akapika uji wa mtama wenye karanga. Nyamizi akanywa, akalala na mtoto wake mchana ule, na Apolonia akajinyoosha kando yao. Maduhu alibaki mlangoni akisikiliza pumzi za mkwewe, zikiingia, zikitoka, mpaka naye usingizi ukamchukua, mgongo ukiegemea mwimo.