Muhogo wa Siku Moja

Hewa ilikuwepo, daktari alisema. Ilijaa mapafuni mwa Leopold, mume wa Otilia, mpaka dakika ya mwisho. Lakini ndani ya kila seli, kwenye mitokondria, ipo protini inayoipokea hewa hiyo ili mwili upate nguvu, na sumu ya muhogo mchungu ilikuwa imeikaba koo. Seli zikafa hewa ikiwa mlangoni.

Otilia alimgeukia mama mkwe wake. Yeye Otilia, mtoto wa ziwani, kabla ya kwenda kuwasalimu wazazi wake Mbamba Bay, aliuloweka muhogo ule kwenye pipa akaagiza usiguswe siku nne. Mama mkwe, mtu wa milimani aliyezoea mahindi, alishindwa kuvumilia ule uvundo. Kesho yake tu akauopoa, akauanika, akautwanga, akampikia mwanawe ugali.

"Si nilikwambia siku nne, mama!"

"Ulisema siku nne. Kwa nini siku nne, ulisema?"

Kwao Otilia huloweka siku nne kwa sababu bibi aliloweka siku nne. Sababu yenyewe, kwamba kuloweka huondoa sumu, ameisikia leo kwa daktari, mume ameshafunikwa shuka.