Mabomu ya Babu wa Don Evaristo

Don Evaristo aliapa kwa roho ya marehemu mkewe kwamba maneno yake ni kweli tupu: mabomu ya vita vile vikuu, yaliyotegwa mtoni na babu wa babu yake kuzuia manowari za Brazili, yameibuka. Yako pale kwenye lindi, kina kirefu cha mto chini ya ukingo. Mtu asisogee.

Watu walikwenda kuchungulia. Kweli, machupa makubwa ya kioo, yaliyovikwa ukindu, yalikuwa yanaelea huku yakitikisa shingo. Hakuna aliyecheka. Pale mjini kila mtoto hukua akisikia kwamba wazee walipoishiwa baruti walielesha machupa matupu, na manowari za chuma zikabaki mbali zikiyatazama, kwa kuwa hakuna nahodha aliyetaka kuwa wa kwanza kujua lipi lina bomu.

Don Evaristo, rubani wa mto aliyestaafu, alilijua hilo. Alijua pia kwamba kesho ni sikukuu ya mtakatifu wa mji, na atakayevua surubí mkubwa kuliko wote, yule kambare wa madoa, ndiye atakayekalia kiti cha mbele mezani na kuandaliwa supu kwanza. Kiti hicho kilikuwa cha jirani yake, mjane Ña Deolinda, mwaka nenda mwaka rudi, na samaki wake wote walitoka kwenye lindi lile. Magoti ya mzee yalikuwa yanakwisha. Alikitaka mara moja tu.

Basi akaketi ukingoni, eti analinda, na mshipi wake majini. Ña Deolinda akaja na maswali. Kamba gani hiyo iliyoyafunga chini, isiyooza mpaka leo? Ya nywele za wajane, akajibiwa. Na mbona yameibuka wiki ya sikukuu? Nayo ni Wakatoliki. Na wewe huyaogopi? Yananijua, sisi ni damu moja.

Mama akaenda zake. Baadaye akatokea na mtumbwi, pembe ya tereré, ile chai baridi ya majani, mapajani, akipiga kasia moja kwa moja kuelekea machupani. Waliokuwa ukingoni wakarudi nyuma. Don Evaristo akafungua kinywa apige yowe la hofu, kama ilivyompasa. Lakini mama alishaanza kufunga mtumbwi kwenye chupa la kwanza, na rubani yule hakuwa mtu wa kuona chombo kikifungwa pabaya anyamaze.

“Siyo hilo, Deolinda. Hilo nimelifungia nusu tofali tu, mkondo utakubeba. Funga kwenye la pili, lina jiwe.”

Ukingo mzima ulisikia.

Ña Deolinda akanywa kwanza. “Mzee mwongo wewe. Ungenyamaza kidogo tu ningegeuza mtumbwi. Nilishaanza kuyaamini.”

Akafunga kwenye la pili, akatupa ndoana.

Kesho yake kiti kilikaliwa na aliyekizoea. Don Evaristo alisimama na upawa, magoti yakimlalamikia, akiupakulia mji mzima supu aliyoamriwa kuipika, akianza na sahani ya Ña Deolinda. Machupa alikatazwa kuyatoa. Watu wa mji wa jirani, aliambiwa, nao wana mitumbwi na ndoana.