Kilo Tatu za Korosho

Profesa Walter aliteremka kwenye bodaboda pale Makote akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na jambo la kwanza alilofanya ni kupapasa begi kuhakikisha barua ipo. Ilikuwepo. Alikuwa ameipapasa hivyohivyo stendi ya Masasi, akaipapasa tena Newala mjini, hadi dereva wa bodaboda akamuuliza kama amebeba hela za msimu wa korosho.

"Afadhali zingekuwa hela," Walter akamjibu.

Huyu Walter ni mtu wa hukuhuku, msimwone anavyotembea akikwepa mchanga usimwingie viatuni. Mzaliwa wa Chiungutwa, mtoto wa mwalimu wa shule ya misheni. Akasoma, akapelekwa Ulaya, akasoma tena, akarudi Dar es Salaam na udaktari wa mambo ambayo hata baba yake alishindwa kuyaeleza watu wa kanisani: namna ulimwengu mzima ulivyoanza na kwa nini unazidi kupanuka. Wenzake wa Chiungutwa walidhani anachungulia nyota. Hata darubini hana. Kazi yake ni kalamu, karatasi na hesabu, na ameifanya na kuifundisha chuo kikuu karibu miaka thelathini. Katika miaka yote hiyo alipata mwanafunzi mmoja tu aliyemzidi akili. Alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza, na wala hakupata kumwambia mwenyewe.

Mwanafunzi huyo ni Yuster, binti wa Makote, mtoto pekee wa mama mkulima wa korosho. Kwa tasnifu yake ya udaktari Yuster alipiga hesabu miaka mitatu, akapata jibu kwamba ile nguvu inayousukuma ulimwengu upanuke haikai palepale, inadhoofika polepole. Wakati ule hakuna aliyekuwa akisema hivyo chuoni kwao. Na ni Profesa Walter, msimamizi wake, aliyeiua kazi hiyo.

Niwaeleze kosa lenyewe, maana ni la watu wa fani hiyo tu. Ukipiga hesabu zao unauweka wakati na nafasi pamoja, na kimoja lazima kipewe alama ya kujumlisha, kingine ya kutoa. Kipi kipewe ipi? Hapo wamegawanyika kambi mbili, na kambi zote ziko sawa, ilimradi mtu aseme mapema yuko kambi ipi. Walter alifundishwa njia moja kule Ulaya. Yuster alijifunza njia ya pili kutoka kitabu kikuukuu cha maktaba, na alisema hivyo waziwazi, ukurasa wa pili, mstari wa tisa.

Sasa Walter alikuwa na tabia moja aliyokuwa akijisifia nayo wakati wa chai. "Mimi tasnifu naianzia sura ya nne, kwenye hesabu. Huko mbele ni mapambo." Akaianza ya Yuster sura ya nne, akakuta alama zote zimegeuka, akashika kalamu nyekundu. *Alama si sahihi. Jibu linakwenda kinyume. Haifai.* Jopo likamfuata, nani angembishia yeye? Muda wa ufadhili ulikuwa umekwisha, na Yuster akafungasha vitu vyake akarudi kwao.

Ikapita miaka tisa. Mwaka huu, mwezi wa sita, Walter aliletewa makala ya watafiti wawili wa nje aikague kabla haijachapishwa. Akasoma jibu lao, akakuta ni lilelile la Yuster. Akaishusha tasnifu ya Yuster kabatini, na kwa mara ya kwanza akaianza mwanzo. Alipofika ukurasa wa pili, mstari wa tisa, aliketi sakafuni palepale, mtu wa miaka sitini na mbili, akalia kwa sauti mpaka Stella, katibu muhtasi wake, akaja kugonga mlango.

Miezi minne alizunguka ofisi za chuo akirudia sentensi moja: kosa ni langu. Wapo waliomcheka, wapo waliomshauri anyamaze astaafu kwa heshima. Mwishoni wakampa barua. Yuster aruhusiwe kuileta tena kazi yake, atie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi, kisha aje aitetee mwenyewe mbele ya jopo. Walter angeweza kupiga simu, lakini aliona haya kuomba radhi kwa simu. Ndiyo hiyo barua aliyokuwa akiipapasa.

"Unamtafuta Yuster, Mama Furaha?" dereva aliuliza. "Yule pale anaanika."

Yuster alikuwa ameinama uani akizisambaza korosho kwenye turubai, na harufu ya mabibo imejaa kila mahali. Amenenepa kidogo, mvi mbili tatu zimechungulia kwenye kilemba. Alipomwona mgeni alijifuta mikono kwenye khanga, akaja, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Yuster. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Karibu. Pole na safari."

Alimpa kigoda, akamletea maji kwenye kikombe cha bati, kikombe kilichojaa mpaka juu. Walter anajua maji ya kule juu mlimani yanavyopatikana kwa taabu, akayanywa yote asibakize tone. Hotuba aliyoitunga tangu Dar es Salaam ilikuwa imemtoka kichwani.

"Yuster, nilikosa mimi," akasema. "Ukurasa wa pili. Sikuusoma. Hesabu yako ilikuwa sahihi tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Najua, Mwalimu."

"Unajua?"

"Nilijua mwezi uleule. Niliirudia yote kwa njia yako, nikapata jibu lilelile."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake kwamba mvua ilinyesha jana. Walter akatoa barua, akampa kwa mikono miwili. Yuster aliisoma, akairudia. Pale uso wake ukachangamka, kitambo kidogo tu, na Walter akamwona yule binti aliyekuwa akikaa kiti cha mbele akinyoosha kidole kabla swali halijaisha. Akaanza kutumaini.

"Hebu ningoje," Yuster akasema.

Aliingia ndani akatoka na daftari na kalamu. Akaketi kwenye mkeka, akaandika mstari wa kwanza bila kusita. Wa pili pia. Wa tatu akaufikia katikati, akasimama. Akaufuta. Akaanza tena, akafuta tena, na kidole gumba kikawa kinasugua ile karatasi mpaka ikataka kutoboka.

"Hapa nilipitaje?"

Walter akamwonyesha. Yuster akaangalia kule alikoonyeshwa, muda mrefu.

"Sioni," akasema, akacheka kicheko cha aibu, akaligeuza daftari kifudifudi kama mtoto anayeficha alama mbaya. "Siku hizi nafundisha kidato cha kwanza, Mwalimu, watoto tisini darasa moja. Jioni kuna maji, kuna korosho, kuna Furaha. Hesabu hii nilikuwa nairudia kichwani kila siku nikienda kuchota maji, isipotee. Mstari kwa mstari, kama mtu anasali rozari. Mwaka wa kwanza niliifikisha mwisho. Wa pili pia. Mwaka wa tatu nikafika mahali, nikakuta sipakumbuki. Kesho yake napo sikupakumbuka. Nikaacha."

"Nitakufundisha upya," Walter akasema haraka. "Mwaka mmoja, wala haufiki. Nitakuwa nakuja mwenyewe, hapahapa."

"Unifundishe kazi yangu?"

Hakuuliza kwa hasira. Yuster aliikunja barua vilevile ilivyokuwa, akamrudishia mikononi.

"Usijiumize, Mwalimu. Mimi nilishakusamehe zamani. Uliposoma karatasi yangu ukanyamaza, nililia wiki nzima, kisha nikasema, huyu ni mkubwa, atarudije nyuma mbele ya watu wake? Kila mtu ana pale anaposhindwa. Nikakusamehe, nikalala."

"Karatasi gani?"

Yuster alimtazama. "Ile ya kwenye korosho."

Basi hapa lazima nirudi nyuma kwa bibi yake Walter, Chiungutwa. Bibi yule alikuwa na utaratibu wake, na familia nyingi za huku zinaujua. Mdogo hamwambii mkubwa kosa lake usoni. Akiwa na neno zito humpelekea kitu kwanza, unga, karanga, chochote. Mkubwa anakimimina kwenye ungo mbele ya mletaji, kisha anauliza: *Haya, na neno?* Ndipo mdogo anapata mdomo wa kusema. Usipomimina, usipouliza, umemfukuza. Walter aliyaona hayo utotoni mara mia. Yeye mwenyewe alipotaka kwenda seminari badala ya ualimu alimpelekea bibi kuku, na bibi akamshika kuku miguu, akauliza, na neno?

Na akaikumbuka ile siku. Yuster amesimama mlangoni mwa ofisi na kifuko cha kitambaa cha khanga kilichoshonwa kwa mkono. *Shikamoo, Mwalimu. Mama amekuletea korosho.* Yeye hakuinua hata kichwa. *Marahaba, ahsante, weka hapo.* Yuster akaweka, akaendelea kusimama. Walter alidhani binti anaona uchungu wa kuaga. Alimtakia safari njema, akarudi kwenye karatasi zake, na baada ya muda miguu ikasikika ikiondoka.

"Niliikunja mara nne nikaiweka chini kabisa," Yuster alikuwa akisema. "Ukurasa mmoja tu. Njia yangu upande huu, njia yako upande huu, na jibu moja chini. Nilijua ukimimina utaiona, hata usipouliza."

Hapa Walter angeweza kudanganya. Mlango uko wazi, msamaha umeshatolewa, angetikisa kichwa tu akubali kwamba aliisoma na akawa mwoga. Alilifikiria hilo, nisimfiche.

"Sikumimina," akasema.

"Hukumimina."

"Meno yalikuwa yananisumbua. Nilimpa Stella, wa ofisini, alikuwa na kikao cha kamati ya harusi. Kifuko sijui kilikwenda wapi."

Kuku alipanda kwenye turubai akaanza kuparua korosho, Yuster hakumfukuza.

"Wewe mtu wa Chiungutwa," akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Mama alizibangua kwa mikono yake, kilo tatu. Alichagua nyeupe tupu, zisizovunjika. Yale mafuta ya maganda yalimbabua vidole, wiki nzima akawa anakula kwa kijiko. Mpaka anakufa alikuwa akiniuliza, yule mwalimu wako, zilimpendeza? Nikawa namwambia, alizila zote, Mama, hakubakiza."

Hapo machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Tangu afike Walter alikuwa akiyangoja machozi hayo, akijua yatakuja kwa ajili ya shahada, kwa ajili ya miaka tisa. Yalikuja kwa ajili ya korosho.

"Heri ungeisoma ukaichana," Yuster akasema. "Hapo ningekuwa nimekosana na mtu. Miaka yote hii nimekusamehe, kumbe hata hukuwepo."

Walter aliomba radhi tena, na tena, maneno yaleyale, mpaka mwenyewe akayachoka. Yuster akawa anaitikia, "Haya, Mwalimu. Yameisha." Kisha akainuka akamfukuza kuku, akainama akaendelea kuanika, kwa kuwa jua lilikuwa bado kali na korosho hazisubiri mtu amalize kulia. Walter alivua koti, akapiga magoti upande wa pili wa turubai, akamsaidia kuzitandaza. Hawakuzungumza tena habari za ulimwengu. Alimuuliza Furaha ana miaka mingapi, akaambiwa sita, yuko kwa shangazi yake.

Dereva aliporudi na kupiga honi, Yuster aliingia ndani. Mgeni haondoki mikono mitupu, hilo kule halijadiliwi, hata mgeni awe amekuja na msiba. Akatoka na mfuko wa korosho zilizobanguliwa, akapiga goti, akampa.

"Za njiani, Mwalimu."

Walter aliupokea kwa mikono miwili. Badala ya kwenda kwenye pikipiki alitazama huku na huku, akauona ungo umetundikwa ukutani, akautungua. Akaketi kwenye kigoda akauweka mapajani, akafungua mfuko na kumimina taratibu, nyingine zikamwagika mchangani. Dereva alizima injini, akatazama. Mfuko ulipokwisha Walter aliugeuza nje ndani, akaukung'uta. Akapitisha vidole katikati ya zile korosho, huku na huku, mpaka chini kwenye ukindu wa ungo.

Kisha akainua uso.

"Haya, Yuster," akasema. "Na neno?"

Yuster alichuchumaa mbele yake, akaanza kuziokota zile zilizoanguka, akizipuliza mchanga moja moja.

"Hakuna neno, Mwalimu," akasema. "Ni korosho tu."

Akamshikia mfuko mdomo wazi ili azirudishe, maana dereva alikuwa anangoja.