Nimeshiba, Padre

Miaka thelathini nimempikia Padre Klementi pale misheni ya Mwazye, Ufipa, na sikuwahi kukaa naye mezani hata siku moja. Nalisema hili mapema ili usije ukaniona mwema kuliko nilivyo.

Alikuwa Mfaransa, mzaliwa wa mji wa Lyon. Mji huo niliujua kabla sijauona, maana kila Jumapili, misa ikiisha, alisimama kwenye mlango wa jiko langu, mikono nyuma, akanihadithia. Mito miwili inayokutana mjini. Kanisa jeupe juu ya kilima. Vichochoro vinavyopenya ndani ya nyumba za watu na kutokea mtaa wa pili. Na vyakula, hasa vyakula! Alinieleza vinyunya vya samaki vya kwao mpaka nikavijua kwa moyo. Basi nikawa nachukua samaki wanaopandishwa kutoka ziwani Kasanga, naponda, nachanganya na unga na mayai, nachemsha. Akila anasema, "Si mbaya, Stefania." Neno hilo liliniudhi miaka yote. Mpishi haambiwi si mbaya.

Hadithi ikinoga zaidi, namfukuza. "Padre, huku kuna moshi. Nenda mezani, chakula kinakuja." Anakwenda. Meza ilikuwa ya watu kumi, na wenzake mara nyingi walikuwa vigangoni, kwa hiyo anakaa peke yake upande wa dirishani. Namwekea sahani, uma na kisu. Naye kila mara, hakuacha hata siku moja, ananitazama na kusema, "Karibu, Stefania." Nami najibu, "Asante, nimeshiba, Padre." Halafu narudi jikoni na njaa yangu, nasonga ugali wangu wa ulezi, nakaa kwenye kigoda na kula.

Sikuwa mkorofi. Shangazi yangu Anjela, aliyenirithisha jiko lile, ndivyo alivyonifundisha siku ya kwanza: mpishi hali na padre, yeye atakukaribisha kwa adabu, nawe kataa kwa adabu, mambo yaishie hapo. Tena nilikuwa mjane wa miaka ishirini na nane, na Mwazye kuna midomo. Cornelia wa kwaya angeweza kukwambia nimekaa chumba cha chakula dakika ngapi, hata kama yeye alikuwa kisimani.

Mwaka 2021 miguu ikamkataa, wakamrudisha kwao, kwenye nyumba ya mapadre wazee. Asubuhi ya kuondoka nilimpikia chai na maandazi. Akanikaribisha. Nikasema nimeshiba.

Miaka miwili baadaye ikaja simu kwa paroko. Padre Klementi hakuwa na ugonjwa mpya, ila alikuwa hali chakula, wiki ya tatu sasa, anaishi kwa maji ya sukari tu. Mpwa wake, mama mmoja aitwaye Odile, aliuliza kama yule mpishi wa Mwazye yu hai bado na kama angekubali kwenda. Tiketi na viza ni juu yake. Daktari alikuwa amesema mzee akiendelea hivyo, Krismasi haimkuti.

Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza, kila mtu yuko shambani. Nikamwachia mkwe wangu jembe. Mwanangu Meshack, ambaye ni wakala wa forodha pale mpakani Kasesya, akaja kunifungia mzigo kana kwamba mimi ni lori la saruji.

"Mama, nyama hapana. Samaki hapana. Unga wa ulezi sawa, lakini usizidishe."

"Na mwiko?"

"Mama, Ulaya kuna miko."

"Kuna miko ya kusongea ulezi?"

Nikaufunga mwiko wangu ndani ya khanga.

Kule uwanja wa ndege wa Lyon askari aliutoa ule mwiko akaugeuza huku na huku. Nikaona maneno hayatasaidia. Nikashika sufuria isiyokuwepo, nikasonga mbele yake mpaka jasho. Watu kwenye foleni wakacheka, na yeye akacheka, akaniruhusu nipite. Nikajisemea, hapa patakuwa pepesi. Nilijidanganya.

Aliyenipokea kwenye nyumba ya wazee alikuwa Sista Luciana, mtawa kutoka Moba, ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika. Kwa kumkuta mtu wa Kiswahili katika baridi ile, nilitaka kumbeba.

"Karibu, mama," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si ni vile munasemaka kwenu?"

"Ndivyo tunavyosema, Sista."

"Basi kuya tumuone."

Padre alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, amebaki macho na pua. "Shikamoo, Padre," nikasema. Akageuka polepole. "Marahaba, Stefania." Alinijua. Nililia palepale, nikajipangusa na khanga ya mwiko. Nje mtunza bustani alikuwa akikusanya majani makavu na kuyatia kwenye mifuko, nikamwambia Padre watu wake hawana akili, majani yote yale yangefukiwa kwenye matuta kama tunavyofanya kwetu, wangevuna maharage mpaka wachoke. Akatabasamu kidogo. Nikaona kazi yangu imekuwa rahisi: mzee amekumbuka Ufipa, nitamsongea ugali, atakula, nitarudi kupanda.

Nikaingia jikoni kwao. Mpishi wao, mwanamume mnene mwenye kofia, alinipisha kwa heshima akasimama pembeni kutazama. Nilisonga ulezi ukaiva hasa, nikaunga mboga za majani. Nikapanga kwenye sinia, nikampelekea chumbani, nikamwekea mezani, nikasimama kando kama nilivyozoea.

"Padre, ulezi wa Mwazye huo. Kula."

Akautazama ugali muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Nimeshiba," akasema.

Sista Luciana alikuwa mlangoni. "Ni ile tu anasemaka, mama. Kila siku. Tumbo iko wazi, yeye anasema nimeshiba. Wengine hapa hawasikie Kiswahili, wanazania ni maombi."

Nilipika siku nne. Uji, supu ya kuku, viazi. Hata vile vinyunya vyangu vya samaki nilivipika. Kila chakula kilirudi kama kilivyokwenda, na mzee alizidi kwisha. Siku ya nne nilimkaripia, Mungu anisamehe, nikamwambia nimeacha shamba langu na nimepanda ndege tatu, na yeye ananichezea. Akageukia dirisha. Nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira, na chini ya hasira ilikuwa hofu, kwa sababu nilikuwa nimekuja na silaha yangu moja tu, nayo imegonga mwamba.

Jumapili Odile akasema twende mjini nipumzishe akili, mimi na Sista. Nikaiona Lyon ya Padre. Mito miwili ipo, tena na ukungu juu yake kama wetu wa asubuhi. Kanisa lipo juu kilimani. Tuliingia kwenye mlango wa nyumba ya mtu nikidhani tunamtembelea, kumbe ni kichochoro, tukatokea mtaa mwingine. Alikuwa hajaniongezea chumvi hata kidogo.

Mchana tukaingia mkahawa mdogo wenye vitambaa vya mezani vya mirabamiraba. Watu walikuwa wamebanana bega kwa bega. Sisi tuliketishwa meza moja na mzee mmoja na mkewe ambao hatuwajui. Mabakuli yakaletwa, ya dengu, ya kiazisukari, ya miguu ya nguruwe, na hayakuwa ya mtu. Yalipita mkono kwa mkono, kila mmoja anajipakulia na kumsogezea jirani. Kisha nikaletewa utumbo wa ng'ombe uliokaangwa. Utumbo! Mji wenye sifa dunia nzima, kumbe wanakula nilichokuwa nikila mimi kwenye kigoda.

Yule mzee akachukua bakuli, akanitilia dengu sahanini bila kuniuliza, akaniambia neno. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Asante, nimeshiba."

Sista akatafsiri. Yule mzee akaweka kijiko chini. Uso wake ukabadilika, akamwuliza Odile jambo kwa sauti ndogo. Odile akaona haya.

"Anauliza amekukosea nini," Sista akaniambia. "Wewe umeikala sasa hivi, sahani haiyaguswa, unasema umeshiba. Anazania hautaki kula na yeye."

"Mwambie si hivyo. Mwambie ni adabu tu. Mwambie nina njaa."

Akamwambia. Mzee akacheka, akanijazia sahani. Lakini mimi nilikuwa nimeduwaa. Nilikuwa nimeliona lile jicho. Lilikuwa jicho la Padre Klementi upande wa dirishani, Mwazye, kila mchana. Mimi nilikuwa nasema nimeshiba, na yeye, mtoto wa mji huu wa kubanana mezani, alikuwa anasikia kwamba sitaki kula naye. Kwa nini kingine angesimama mlangoni kwangu kila Jumapili kunihadithia mapishi? Alikuwa anaomba kigoda. Nami nilimwambia kuna moshi, na ile nimeshiba yangu ndiyo aliyoondoka nayo.

Nikala. Vikaletwa na vinyunya vya samaki, vile vyenyewe. Vilikuwa vimefura, vyepesi, ukigusa na uma vinatetemeka. Vyangu vilikuwa mawe. Padre alikula mawe miaka thelathini akasema si mbaya, akanikaribisha nije tule mawe pamoja.

Jumatatu mchana nilisonga ugali mmoja mkubwa, wa watu wawili, nikautia kwenye sahani moja. Mboga kwenye bakuli moja. Sikuchukua uma. Nikaingia chumbani, nikavuta kiti, nikaketi mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikasogeza beseni na birika, nikamnawisha mikono, kisha nikanawa yangu. Sikumwambia kula. Huku ni kwao. Mwenyeji ni yeye, mimi ndiye mgeni, na mgeni hajikaribishi.

Tukakaa. Mvuke wa ugali ulipanda, ukapungua, ukaisha. Sista Luciana alichungulia, nikamfanyia ishara aondoke. Nilikuwa na njaa kweli, sikuwa nimekunywa hata chai. Padre alitazama sahani, akatazama mikono yangu iliyolowa, akatazama kiti nilichokalia. Nikaanza kuogopa kwamba nimechelewa, kwamba neno lenyewe limemwisha.

"Karibu, Stefania," akasema.

Mdomo wangu ulitaka kwenda njia yake. Niliukamata.

"Asante, Padre. Nina njaa."

Akanikazia macho kana kwamba hakusikia vizuri. Kisha mkono wake ukatoka chini ya blanketi, ukamega tonge dogo. Alilifinyanga polepole, akachovya, akatia mdomoni. Alitafuna muda mrefu.

"Umepoa," akasema.

Hapo nikasahau hofu yangu. Siku tano ananitesa, na leo anatoa kasoro! "Umepoa kwa sababu umechelewa kunikaribisha," nikamwambia.

Padre Klementi akacheka. Kicheko kilimtoka na kikohozi, mpaka nikamshika bega.

"Nimekukaribisha miaka thelathini, Stefania," akasema. "Ulichelewa wewe."

Nikamega tonge upande wangu wa sahani, tukala.