Fuwele Iliyobanwa Mno

Mwezi Agosti betri ya chombo cha Matombo ilikufa kwa mara ya tatu, na Jonathan, mkuu wa mradi, akasema basi, kikang'olewe.

"Kilima kile hakina jua," alimwambia Editha. "Ukungu na migomba tu. Sola haitafaa, na hatuwezi kupandisha betri kila mwezi."

Editha hakubisha. Chombo alikiunda mwenyewe, katika karakana ya mradi pale Mafiga. Ndani yake mlikuwa na kipande cha fuwele, kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho hutetema kikipitishiwa umeme. Udongo wa mlima ukianza kusogea, hata kwa unene wa uzi, mtetemo hubadilika, na chombo hutuma ujumbe kwenye simu za watu wanaoishi chini yake. Kilitakiwa kukaa mwaka mzima kwa betri moja.

Kesho yake akapanda Matombo. Mwaisha, mwenye shamba, alikuwa barazani akianika pilipili manga. Miaka minne nyuma maporomoko ya udongo yalimchukua mdogo wake na mkewe. Ndiyo maana alikubali chombo kichimbiwe juu ya nyumba yake, ingawa majirani walimcheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukichukua."

"Nani amekuambia?"

"Safari hii hukubeba betri."

Mwaisha akaingia ndani, akatoka na daftari la shule. Kila jioni alikuwa akiandika kama taa ya chombo inawaka. Editha alianza kulisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Mwanzoni kiliwaka miezi saba kwa betri ileile, mpaka walipokiteremsha mjini kukikagua na fuwele ikavunjika njiani kwa ubovu wa barabara. Tangu kirudishwe, hakuna betri iliyofika wiki sita.

"Hiki mlichorudisha si kile," alisema Mwaisha. "Kile hakikuwa mlafi."

Hapo Editha akakumbuka. Fuwele mpya aliigandisha kwa gundi pande zote ili shimo lolote la barabarani lisiitikise. Kwenye ripoti aliandika "imara zaidi", na alijivunia. Kumbe fuwele iliyobanwa hivyo haitetemi kwa raha. Gundi humeza mtetemo na kuupeleka kwenye kitako, nayo saketi hulazimika kusukuma umeme mwingi ili usizimike. Miezi yote hiyo alikuwa akizilaumu betri.

Alimpigia Jonathan palepale.

"Kosa ni langu, si la betri."

"Una uhakika?"

"Daftari la mama linaonyesha. Nipe wiki mbili."

"Moja."

Mjini aliishika fuwele nyingine kwa matone mawili tu ya gundi, kila moja kama ncha ya sindano, mahali ambapo haichezi sana. Alipopima, ilikula sehemu moja ya sita ya umeme wa ile iliyobanwa. Likabaki tatizo la barabara. Fuwele iliyoshikwa kwa wepesi namna ile isingefika nzima. Basi akaibandua, akaifunga peke yake kwa pamba ndani ya kichupa cha vidonge, akapanda nayo, akaigandisha upya barazani kwa Mwaisha huku akichungulia kwa lenzi. Mwaisha aliwafukuza kuku, kisha akasimama ametandaza kanga kuzuia upepo mpaka gundi ikashika.

Taa iliwaka Septemba, ikapita Krismasi, ikafika Aprili.

Mvua iliponyesha siku nne mfululizo, ujumbe uliingia kwenye simu za nyumba saba saa nne asubuhi. Mwaisha alizipitia zote, mlango kwa mlango, hata kwa jirani yake Maneno aliyekuwa akimcheka kuliko wengine, akawaongoza hadi misheni. Saa tisa alasiri kilima kiliteremka.

Jioni alimpigia Editha. "Chombo chako kimekwenda na udongo. Na jiko langu, na pilipili zote."

"Na watu?"

"Watu tupo hapa misheni, tunakula ndizi. Maneno analalamika chumvi haitoshi."

Walipoagana, Editha akampigia Jonathan.

Jumatatu iliyofuata alipanda tena, safari hii pamoja na Jonathan, kutafuta mahali pa kuchimbia chombo kingine.